Kiu ya Miche ya Nyakerario

Kitu cha kwanza Bonareri alichokiona kilikuwa kidogo mno, na mtu mwingine angekipita tu. Udongo ndani ya mikebe ya baba mkwe wake ulikuwa umeota ngozi ya kijani, nyembamba na yenye utelezi, kama ile inayoshika ukutani pale tangi la maji linapovuja. Alikuwa anafagia baraza. Akasimama na ufagio mkononi, akainama kuchungulia. Katika mkebe wa pembeni, mche mmoja wa kaktasi, mnene kama punje ya hindi, ulikuwa umelala ubavu. Aliugusa kwa ncha ya kidole. Ukang'oka wenyewe bila kushikilia chochote, na pale mizizi ilipopaswa kuwa palikuwa na kitu laini cha rangi ya chai, kama ndizi iliyoiva ikapitiliza.

Aliurudisha, akausimamisha kwa kuushindilia kidogo, akaendelea kufagia.

Alijua kinachouua. Alijua pia kwamba hakuwa yeye wa kukisema.

Miche hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake, Nyakerario, ambaye kaburi lake lilikuwa bado halijaota majani kando ya nyumba. Nyakerario alikuwa amefanya kazi miaka mingi mjini Kisii, nyumbani kwa Mama Jyoti, mwenye duka la vitambaa. Huko ndiko alikopenda kaktasi, mimea ile ya miiba ambayo watu wa kijijini Nyamache hawakuiona kuwa na kazi yoyote, kwa maana hailiwi, haichumwi, wala haifai kufungia ng'ombe. Kaktasi moja kubwa ya Mama Jyoti ilipochanua na kuzaa tunda jekundu, mwenyewe alilichuma akampa.

"Jaribu, Nyakerario," alimwambia. "Huko kwenu kila kitu kinamea."

Nyakerario alilileta nyumbani limefungwa kwenye leso. Alilikamua, akaziosha mbegu zake nyeusi, ndogo kuliko ulezi, akazipanda. Majirani walicheka. Nchi ya mvua kama hii, walisema, mtu anapanda mti wa jangwani. Keshokutwa atatuletea ngamia. Nyakerario alicheka nao, na mbegu zikaota. Kisha mvua za masika zilizofuata zikavunja mfereji wa paa kwa Mama Jyoti, maji yakamwagikia ile kaktasi mama mchana na usiku, ikaoza. Siku ya mazishi Mama Jyoti alisimama mbele ya mikebe, sari yake imeshika matope kwenye pindo, akasema kwa sauti ndogo, "Yangu imekufa. Zilizobaki ni hizi za mkono wake tu."

Mzee Masese, mume wa marehemu, alilisikia neno hilo. Kesho yake akaihamisha mikebe yote kutoka ukuta wa jiko, akaipanga barazani kwake, na tangu hapo hakumruhusu mtu kuigusa.

Bonareri aliolewa katika boma hilo na mwana wao Thadeus, ambaye kazi ya udereva wa lori ilimweka Nakuru wiki nyingi. Shule aliiachia darasa la sita, mama yake alipougua, na tangu hapo alizoea kuamini kwamba maneno ni ya watu waliomaliza. Hata kanisani aliimba midomo ikitembea na sauti ikibaki ndani. Nyakerario hakumkera kwa hilo. Alimpa kiti kidogo karibu naye, akaendelea na kazi zake, na Bonareri akatazama.

Alivyoona ni hivi. Udongo halisi Nyakerario aliutia kidogo, kama mtu anayetia chumvi. Sehemu kubwa ilikuwa mchanga wa mtoni, matofali yaliyopondwa, na vipande vya yale mawe laini yanayochongwa kule Tabaka, ambavyo binti yake Orpah, aliyeolewa upande wa Nyamarambe, alimletea kwenye gunia. Vipande hivyo alivisuuza kwanza mpaka maji yatoke meupe, kisha meupe kidogo, kisha safi, kwa sababu unga wa jiwe lile ukibaki huganda kama saruji na kuziba kila kitu. Chini ya mikebe alitoboa matundu kwa msumari uliochomwa motoni. Na kabla ya kumwagilia aliuinua mkebe, akausikiliza mkononi. Ukiwa mzito aliurudisha chini. Ukiwa mwepesi aliuloanisha mpaka maji yachuruzike chini, kisha akausahau.

Halafu figo zikamshika.

Hospitali ilisema asinywe maji zaidi ya kipimo. Mzee Masese aliitii amri ile kama anavyoitii Sabato. Alinunua kikombe kidogo cha plastiki, cha rangi ya bluu, na hicho ndicho kikawa kipimo. Akauondoa mtungi chumbani. Nyakerario alikuwa na kiu ya kutisha, midomo imepasuka, naye aliomba maji kama mtoto: kwanza kwa mzaha, kisha kwa hasira, mwishowe bila sauti, kwa macho tu. Masese alimwambia, "Bado saa yake, Nyakerario," kisha akatoka kwenda kwenye shamba lake la chai. Watu walisema mzee ana moyo mgumu, mke anaumwa na yeye anachuma majani. Bonareri, aliyepita shambani kuchukua kuni, alimwona siku moja amesimama katikati ya michai, kikapu mgongoni hakina jani hata moja.

Nyakerario alifariki asubuhi, mume wake akiwa huko huko shambani.

Sasa kikombe kile cha bluu ndicho mzee alichotumia kumwagilia miche. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alikijaza maji akaupa kila mkebe kikombe kizima. Alikuwa ameimwaga ile changarawe ya mke wake. "Aliwaweka kwenye mawe kama wafungwa," alisema. Badala yake alichota udongo mweusi wa chini ya migomba, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akaishindilia miche humo, akaikingia kivuli kwa majani ya majimbi. Alikuwa mkulima wa chai maisha yake yote, na miche ya chai hulelewa hivyo hasa, kivulini, na haiachwi ikauke hata siku moja. Alichokifanya ni kuipa kaktasi kile kilicho bora kwa chai.

Alimwagilia hata Jumamosi. Hilo ndilo lililomtisha Bonareri. Mzee wa kanisa ambaye siku ya Sabato hakuchuma hata limau, alitoka asubuhi na suti yake ya kanisani, kikombe mkononi, akiinama mkebe kwa mkebe.

Angesema vipi? Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni, haya inayowekwa kati ya watu fulani ili heshima isivunjike, na hakuna mahali inapobana kuliko kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mkaza mwana humwita baba mkwe Tata, yaani baba, lakini hampi mkono, haketi alipoketi, hamkazii macho, na hataji mbele yake jambo la mwili wala la kitanda. Mzee naye hakanyagi nyumba ya mwanawe. Anayetaka kumkosoa hutafuta mdomo mwingine wa kumpelekea neno.

Mdomo uliokuwepo ni wa Orpah.

Orpah alikuja kuwaona baba na wifi yake, kapu la parachichi kichwani, na alianza kuzungumza akiwa bado nje ya ua.

"Wifi, ukikaa kimya namna hii hata kuku watadhani jiko halina mtu. Uko?"

"Niko."

"Neno moja. Leo umejitahidi." Aliketi, akavua viatu. "Mbona uso umekunjamana? Thadeus amekosea nini? Nimpigie?"

"Si yeye." Bonareri alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Ni ile miche ya mama. Inaoza. Tata anaipa maji mengi. Na udongo ule unashika maji, haukauki. Chini kumeoza."

Orpah alimtazama kitambo. "Haya, na wewe umemwambia?"

"Mimi?"

"Eh, wewe. Au unangoja miche yenyewe imwambie?" Kisha akacheka, akampiga begani. "Najua, najua. Nitapeleka mimi. Kazi yangu katika boma hili ni kuwa simu."

Alilipeleka neno wakati wa chakula. Bonareri aliyekuwa akitenga matoke alisimama nyuma ya mlango wa jiko, sahani mkononi.

"Tata," Orpah alisema, "hizo kaktasi za mama zimenona samadi mpaka zinashindwa kupumua. Wanasema maji mengi yanaziozesha."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani? Wana majina?"

Orpah alianza kumenya parachichi. Sauti ya mzee ilipokuja tena haikuwa kali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Orpah, mimi nimepima maji katika nyumba hii. Nimeyapima kwa kikombe, na mnajua yaliyotokea. Sitapima tena. Atakayeona kiu hapa atapewa maji."

Hakuna aliyekula sana siku hiyo. Jioni Orpah alipokuwa akiondoka alimshika Bonareri mkono getini. Mzaha ulikuwa umemwisha. "Umesikia mwenyewe. Mimi hilo siliwezi. Si miche anayoimwagilia."

Miche iliendelea kulala ubavu mmoja mmoja. Mzee alipoiona imelegea aliamini ina kiu, akaiongezea maji.

Ndipo Bonareri akafanya jambo ambalo hakuwahi kufikiri angelifanya. Asubuhi moja mzee alipopeleka majani ya chai kituoni, alichukua mikebe mitatu kati ya ile iliyokuwa bado na miche inayosimama, akaipeleka nyuma ya jiko lake, na ile iliyobaki akaisogeza kuziba pengo. Aliing'oa miche, akaipukuta ule udongo mweusi unaonata, akaikata kwa wembe mizizi iliyooza, akaiacha kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likakauka. Akatafuta lile gunia la Tabaka, akasuuza vipande, akaponda tofali lililokuwa likishikilia mlango, akachanganya kama alivyoona. Kisha akaipanda na kuinyima maji kabisa, kwa maana alikuwa anayaogopa maji sasa.

Alikosea. Miche ile ilikuwa bado michanga mno kuishi kwa akiba yake. Ilianza kunywea, ikakunjamana kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa, na mmoja ukawa wa kahawia, ukakauka. Bonareri aliutoa akauweka kiganjani. Hapo ndipo alipokumbuka sehemu ya pili ya kile alichokiona kwa Nyakerario. Yeye alishika ile ya kungoja tu. Akasahau kwamba baada ya kungoja, mama yule alimwagilia kwa ukarimu mpaka maji yatoke chini. Aliinua mkebe. Ulikuwa mwepesi kama boksi tupu la kiberiti. Akaloanisha yote, akaona maji yanachuruzika kwenye matundu, na hayakubaki. Baada ya siku chache miche miwili iliyobaki ilijaza mashavu. Katikati ya mmoja, pale juu kabisa, palichomoza miiba mipya midogo, laini na ya rangi ya waridi.

Hiyo furaha hakuwa na wa kumwambia.

Siku iliyofuata alisikia kikohozi nje ya ua wa jiko, kile kikohozi ambacho mzee hukitanguliza ili mkaza mwana ajue anakuja.

"Mama wa huku," Masese aliita, uso ameugeuzia migomba. "Mikebe yangu haitimii."

Bonareri aliitoa, akaiweka chini baina yao, akarudi nyuma hatua. Mzee aliinama. Alichomeka kidole kwenye changarawe, akakitoa kikavu.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu. "Wewe ndiye unayewanyima."

Bonareri alifungua mdomo. Alitaka kusema, tazama huo mwiba mpya. Alitaka kusema, inua mkebe usikie. Aliishia kukunja pindo la leso yake. Mzee alikwishaokota mikebe yake, akaenda nayo, na kutoka pale jikoni Bonareri aliisikia sauti ya maji yakimiminwa.

Wiki hizo mvua ilinyesha bila kuchoka. Njia ya kituo ikawa uji, nguo hazikukauka, na barazani kwa mzee harufu ya samadi ikachanganyika na harufu nyingine tamu ya kuoza. Mkebe baada ya mkebe ukaachwa na udongo mtupu. Mzee hakuitupa mikebe hiyo. Aliendelea kuimwagilia.

Jumamosi moja kengele ya kanisa ililia na Bonareri hakumwona mzee akipita na Biblia yake. Alingoja. Watu wa jirani walipita wote na miavuli yao. Akajifunga leso, akachukua ufagio ili awe na sababu, akaenda barazani.

Mzee alikuwa ameketi chini, kwenye sakafu yenyewe, na suti yake ya kanisani. Mikebe imemzunguka. Kikombe cha bluu kilikuwa mkononi, kimejaa. Mbele yake kulikuwa na mikebe miwili tu yenye kitu cha kijani, na ilikuwa ile miwili ya changarawe. Ilikuwa imepewa maji sawa na mingine kila asubuhi, ila maji yalipita katikati ya vile vijiwe yakatoka, na miche ikabaki imesimama, ingawa mmoja ulishaanza kupauka shingoni.

"Nimewapa udongo bora wa shamba langu," alisema. Hakugeuka, wala Bonareri hakujua kama anasemeshwa yeye. "Nimewafunika jua. Sijawakosesha maji hata siku moja. Na waliopona ni hawa waliokaa kwenye mawe."

Bonareri alitazama huku na huku. Orpah alikuwa Nyamarambe. Thadeus alikuwa Nakuru. Hapakuwa na mdomo mwingine katika boma lote. Aliuegemeza ufagio ukutani, akapiga magoti mbali kidogo, macho yake yakiwa kwenye sakafu.

"Tata," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Shika huo wenye udongo. Uinue."

 Kisha mzee akakiweka kikombe, akainua mkebe wa udongo mweusi.

"Mzito," alisema.

"Sasa huu wa mawe. Huu ukinyweshwa asubuhi, jioni huanza kuwa mwepesi. Mama alikuwa anangoja uwe mwepesi kabisa. Ndipo anaupa maji. Anaupa mengi, hakuwa mchoyo. Lakini alingoja."

Masese aliushika mkebe wa changarawe kwa mikono yote miwili, akaupandisha na kuushusha kama mtu anayepima kitoto. Alielewa. Bonareri aliona kwamba ameelewa, kwa sababu mabega yalishuka. Lakini mkono wake ulirudi kwenye kikombe.

"Nimesikia," alisema. "Najua ni kweli. Mimi ni mkulima, si mjinga. Lakini asubuhi ikifika nasikia anaomba, na kikombe ninacho mimi." Aliinua kikombe juu ya mche wa mwisho mzima, ule wenye miiba ya rangi ya waridi, akakiinamisha mpaka maji yakafika ukingoni.

Jambo alilokuwa nalo Bonareri lilikuwa la chumbani, la kitanda na la mdomo wa mgonjwa, na hakuna mkaza mwana anayemtajia baba mkwe mambo hayo. Alilibeba siku ya mazishi. Alilibeba kila asubuhi akimwona mzee akiinama mkebe kwa mkebe. Sasa akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akasema:

"Tata, mama hakufa na kiu. Nesi alinifundisha kuloanisha kitambaa, nikawa namwekea midomoni na kwenye ulimi, bila kuvunja kile kipimo chako. Ulipokwenda shambani, mimi niliketi naye. Asubuhi ile nilimwekea, akanyonya, nikataka kukiloanisha tena, akakataa kwa mkono. Alisema, imetosha, Bonareri, sasa sina kiu. Akauliza kama umechuma majani mengi. Nikamwambia ndiyo."

Mzee alikishusha kikombe taratibu, akayamwaga maji yake uani, na mche ule akauacha bila kuunywesha.